Mpira wa Friji la Issuna na Mjadala Wetu wa Viwanda

Julai iliyopita nilikwenda Issuna kumsalimu shangazi yangu. Kwa msomaji asiyeifahamu, Issuna ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, kando ya barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini. Ni nchi ya mawe makubwa, alizeti, mtama na upepo. Malori yaendayo Mwanza, Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Shangazi ana duka dogo kando ya barabara hiyo. Huuza sukari, sabuni na unga, lakini kinachomwingizia fedha hasa ni vya baridi: maji, soda na maziwa mgando.

Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za wazima na za wagonjwa, macho yangu yaliangukia friji lake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, ukizungushwa mwili mzima wa friji kama mkanda kiunoni. Kila mteja alipoomba maji, shangazi aliufungua ukanda, akatoa chupa, akausukuma mlango kwa goti, kisha akaufunga ukanda tena.

"Baba, wewe si daktari?" aliniuliza alipoona namtazama.

"Daktari wa vitabu, shangazi, si wa watu."

"Basi hata wa friji hukusomea? Hili linanimalizia umeme. Uniti zilizokuwa zinanitosha mwezi mzima sasa hazivuki wiki tatu."

Nilicheka, naye akacheka, lakini swali lake sikuliacha Issuna. Makala haya ni jaribio la kulijibu. Naomba msomaji anivumilie, kwa sababu njia ya kulijibu inapita kwanza ndani ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tunakishika kila siku bila kukitazama: ule mpira mweupe uliozunguka mlango wa friji.

Nilipofika kwenye friji lile nilifanya jaribio rahisi ambalo hata wewe waweza kulifanya jioni ya leo. Chukua noti ya shilingi elfu moja, ibane kwenye mlango wa friji lako, kisha ivute. Ikitoka kwa shida kidogo, mpira ni mzima. Ikiteleza kama inayotoka mfukoni, basi hewa ya joto inaingia hapo saa ishirini na nne. Hewa hiyo huja na unyevu. Unyevu hugeuka barafu juu ya mabomba ya kupoozea. Barafu huzuia ubaridi kutoka. Na mashine, isiyojua la kufanya isipokuwa kuendelea kufanya kazi, hunguruma mchana na usiku. Hapo ndipo uniti za LUKU za shangazi yangu zilipokuwa zikienda. Noti yangu iliteleza pande tatu kati ya nne.

Tuliuvua mpira. Ulikuwa umekakamaa na kupasuka kwenye pembe. Ndani ya mfuko wake mwembamba nikavuta ukanda mweusi, mlaini, uliopinda bila kuvunjika. Niliusogeza kwenye mlango wa chuma ukanata. Mpira wa nje ulikuwa umekufa, lakini ukanda ule wa ndani ulikuwa bado na nguvu zake. Huo ndio unaoitwa sumaku nyumbufu, au kwa lugha ya mafundi wetu, sumaku ya mpira.

Mimi ni mtu wa sayansi za jamii, hivyo niliporudi chuoni nilimfuata mwenzangu wa fizikia anifundishe. Alilonieleza ndilo lililonifanya niandike. Sumaku ile si chuma kilichoviringishwa wala si jiwe la ajabu lililochimbwa mahali fulani. Msingi wake ni oksidi ya chuma, yaani ndugu wa kutu tunayoikwangua kwenye mabati. Oksidi hiyo huchanganywa na kaboneti ya strontiamu au ya bariamu, kisha huchomwa katika tanuri lenye joto la kiasi cha nyuzi 1,200 za Selsiasi. Zao lake ni kitu kigumu cheusi kiitwacho feraiti. Feraiti husagwa hadi kuwa vumbi laini sana, chembe zake zikikaribia sehemu moja ya elfu ya milimita.

Vumbi hilo hukandwa pamoja na mpira wa viwandani au plastiki laini, kama mpishi anavyokanda unga wa chapati, isipokuwa hapa unga ni mwingi kuliko kishikizo: karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito wa sumaku nyumbufu ni feraiti, na iliyobaki ni plastiki au mpira wa kuishika. Donge likishakandwa hupitishwa katikati ya magurudumu mazito ili liwe shuka, au husukumwa kupitia tundu lenye umbo ili litoke kama ukanda mrefu. Chembe za feraiti ni bapa, hivyo shinikizo la magurudumu huzilaza upande mmoja, na kulala huko huongeza nguvu ya sumaku itakayokuja.

Nasema itakayokuja, kwa sababu hadi hapo kitu hicho hakinati popote. Usumaku hutiwa mwishoni kabisa. Ukanda uliokwisha kukatwa hupitishwa kwenye mtambo wenye uga mkali wa sumaku, nao huuandika mistari ya kaskazini na kusini kwa kupokezana, kila mstari ukiwa na upana wa milimita chache. Ukitaka kuihisi mistari hiyo, tafuta vile vikadi vya sumaku ambavyo kampuni hugawa kwa matangazo. Viweke viwili mgongo kwa mgongo, kisha kiteleze kimoja polepole juu ya kingine. Utahisi vikishikana na kuachana, vikishikana na kuachana, kama tairi linalopita juu ya matuta. Jaribu pia kukinatisha kikadi kwa upande wa picha: kinaanguka, au kinashika kwa unyonge. Mistari imepangwa ili nguvu ielekee upande mmoja tu, ule unaohitajika.

Sumaku hii ni dhaifu. Ukiilinganisha na sumaku ya neodimiamu iliyo ndani ya injini ya gari la umeme, inazidiwa makumi ya mara. Lakini kazi yake haidai nguvu nyingi. Inadai sumaku ndefu inayopinda kwenye pembe, inayokatwa kwa kisu, isiyoshika kutu kwa kuwa yenyewe tayari ni oksidi, na yenye bei ndogo. Ndiyo sababu imeenea: kwenye milango ya majokofu, kwenye mabango yanayobandikwa ubavuni mwa magari ya shule za udereva, kwenye mbao za ofisini, kwenye mapazia ya neti yanayojifunga yenyewe nyuma ya mtu aliyepita, na ndani ya mota nyingine ndogo.

Sasa tutazame historia yake, kwa kuwa ndani yake mna mambo mawili yanayotuhusu sisi wa vyuo na wale wa ofisi za umma.

La kwanza linahusu vyuo. Feraiti haikuzaliwa mgodini. Mwaka 1930, katika chuo cha teknolojia jijini Tokyo, Yogoro Kato na mwanafunzi wake Takeshi Takei walikuwa wakichunguza oksidi za chuma na za madini mengine, wakagundua tabia zake za kisumaku. Mwaka 1935 kampuni ilianzishwa mahsusi ili kuupeleka ugunduzi huo sokoni. Jina la kampuni hiyo kila mtu wa rika langu analifahamu: TDK. Kaseti zile ambazo baba zetu walirekodia muziki wa dansi na taarabu, na ambazo sisi tulizirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri, zilikuwa za nyumba hiyohiyo iliyotokana na karatasi ya maabara. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Philips huko Eindhoven, Uholanzi, walipata feraiti ya bariamu, sumaku ya kudumu iliyotengenezwa kwa malighafi za bei nafuu. Vumbi hilo ndilo lililokuja kukandwa na mpira.

La pili linahusu sheria. Majokofu ya zamani yalifungwa kwa komeo la nje. Nchini Marekani watoto waliocheza kujificha waliingia katika majokofu yaliyotupwa, mlango ukajifunga, wakafa humo kwa kukosa hewa. Mwaka 1956 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya usalama wa majokofu, iliyotaka kila friji la nyumbani liweze kufunguliwa kutoka ndani. Viwanda vilipewa muda, na tangu mwishoni mwa Oktoba 1958 sharti likaanza kufanya kazi. Ukanda wa sumaku ndio uliotoa jibu lililofaa: unafunga mlango pande zote sawasawa, lakini mtoto akiusukuma unafunguka. Sheria hiyo haikukitaja kitu kinachoitwa sumaku nyumbufu. Ilisema tu ni madhara gani hayatavumiliwa tena, na wahandisi wakajua soko liko wapi.

Kwa hiyo ule mpira wa friji la Issuna umebeba ndani yake maabara ya chuo, kiwanda, na Bunge lililotunga sheria kwa ajili ya uhai wa watoto. Nikaanza kujiuliza: sisi tumebeba nini ndani yake?

Chuma tunacho. Tangu nikiwa shule ya msingi nasikia habari za Liganga, kule Ludewa mkoani Njombe. Chuma cha Liganga kina titani na vanadi, na sehemu kubwa yake ni magnetaiti, yaani jiwe lenye asili ya sumaku lenyewe. Septemba 2011 Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC, lilitia saini ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China wa kuchimba makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, mradi uliotajwa kuwa wa dola bilioni tatu za Marekani. Mtoto aliyezaliwa siku ya saini hiyo sasa anasoma sekondari. Chuma bado kiko mlimani.

Madini adimu tunayo pia. Aprili 2023 Serikali iliingia makubaliano juu ya mradi wa Ngualla, mkoani Songwe, ambako kuna neodimiamu na praseodimiamu, malighafi za sumaku zenye nguvu kuliko zote zinazouzwa leo. Serikali ilipata hisa asilimia 16. Mpango wa awali wa wawekezaji ulikuwa kuyasafisha madini hayo Teesside, Uingereza. Mwaka huohuo wa 2023 ukaja mkataba wa kuiuzia kampuni ya Shenghe ya China makinikia yake. Katika mipango yote miwili, hatua ya kuligeuza jiwe kuwa sumaku haikuwa kwetu. Na kwamba hatua hiyo ndiyo yenye mamlaka, dunia ilikumbushwa Aprili 2025: China ilipoweka masharti ya leseni kwa baadhi ya madini adimu na sumaku zake, viwanda vya magari katika nchi tajiri vilianza kusimamisha mistari ya uzalishaji ndani ya wiki chache. Wenye magari hawakukosa fedha wala hawakukosa chuma. Walikosa sumaku iliyokwisha kutengenezwa.

Sina ugomvi na Liganga wala Ngualla. Natamani kuziona zote zikifanya kazi nikiwa hai. Ugomvi wangu ni na namna tunavyofikiri. Tumejizoeza kuamini kwamba kiwanda huanzia kwenye kimo cha hazina iliyo ardhini, na kwamba kazi ya dola ni kutafuta mwekezaji mkubwa wa kuitoa. Mjadala wetu wote huishia kwenye asilimia: tumepata 16, tungepata 30, wametupunja. Sumaku ya mpira inatoa ushahidi wa kinyume. Malighafi yake kuu ni oksidi ya chuma, ambayo hupatikana hata kwenye mabaki ya viwanda vya chuma. Hakuna taifa lililotajirika kwa kuwa na kutu nyingi kuliko jirani yake. Thamani imetokana na kuchoma kwa joto sahihi, kusaga kwa ukubwa sahihi, kukanda kwa kipimo sahihi na kupanga mistari kwa mpangilio sahihi. Kila hatua katika hizo ni elimu iliyowekwa ndani ya vumbi.

Wala si kweli kwamba mikono yetu haikupata kugusa kazi za namna hii. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, hadi kiliposimama mwishoni mwa miaka ya 2000, kilikuwa kikikanda mpira na unga mweusi wa kaboni na kuupitisha kwenye magurudumu mazito. Badala ya kaboni weka feraiti, na kwa hatua hizo mbili uko karibu sana na kazi ninayoieleza. NDC ina mashamba ya mpira Muheza na Kilombero. Dar es Salaam imejaa viwanda vinavyosukuma plastiki kupitia tundu kutengeneza mabomba na mipira ya maji. Vipande vya ujuzi vipo. Kinachokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kuviunganisha, na swali la kuvitafutia.

Hapa lazima nijiseme na mimi. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka kumi. Nimesimamia tasnifu juu ya sera ya viwanda, na sikumbuki hata moja iliyoanza na kitu kilichoharibika. Zote zilianza na nadharia, zikapita kwenye takwimu za pato la taifa, zikahitimishwa kwa mapendekezo yanayoanza na maneno "Serikali inapaswa". Wenzangu wa uhandisi nao wananiambia mwanafunzi wao hueleza uga wa sumaku kwa milinganyo safi ubaoni, lakini hajawahi kuufungua mlango wa friji kuona uga huo unakaa wapi. Kato na Takei walikuwa watu wa chuo kama sisi. Walichotuzidi si akili tu. Nyuma yao alikuwapo mtu aliyekuwa tayari kuanzisha kiwanda juu ya karatasi yao.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Wapo watakaosema: ukanda wa sumaku kutoka China ni wa bei ndogo mno, viwanda vyao huuza kwa dunia nzima, kushindana nao ni kupoteza fedha za umma, kama tulivyozipoteza huko nyuma katika mashirika yaliyokufa. Ni kweli. Simshauri mtu yeyote ajenge kesho tanuri la feraiti Singida. Lakini tutazame shangazi yangu alikwama wapi hasa. Hakukwama kwenye sumaku. Sumaku yake ilikuwa nzima. Alikwama kwenye ganda la plastiki lililokakamaa, ambalo hakuna duka la Singida mjini nililopita lililokuwa nalo kwa friji la aina yake, lililokuja kama mtumba kutoka Dubai. Katika duka moja niliambiwa kwa upole, "Mzee, nunua friji jipya." Yaani kwa sababu ya plastiki ya uzito wa kilo moja hivi, mashine nzima yenye mota nzuri iende jalalani, na mama mwenye duka la kijijini atafute mtaji upya.

Nililipata jibu Dar es Salaam, kwa fundi mmoja mwenye meza moja ya mbao Gerezani. Alichukua vipimo nilivyokuwa nimeviandika, akakata ganda la plastiki kutoka kwenye roli iliyoagizwa nje, akakata pembe kwa nyuzi 45, akaziunganisha kwa kisu kilichopashwa moto, kisha akachukua kanda nyeusi nilizokuja nazo kutoka friji la zamani na kuziingiza moja baada ya nyingine kwenye ganda jipya. Kazi ilikwisha kabla sijamaliza kikombe cha kahawa. Nilimuuliza alijifunzia wapi. "Kwa kuharibu," akanijibu. Nikamuuliza ana wanafunzi wangapi. Akaninyooshea kidole kijana mmoja aliyekuwa akifagia.

Mtu huyo ndiye sera ya viwanda ninayoizungumzia. Roli la ganda lake ni plastiki ambayo kiwanda chochote cha mabomba cha hapa kingeweza kuisukuma, kama kungekuwa na mtu wa kuchonga tundu lenye umbo linalotakiwa na mtu wa kuhakikishia soko. Ufundi wake ungeweza kufundishwa katika chuo cha VETA kwa siku chache. Huo ndio mwanzo: ganda kwanza, ukanda wa sumaku uendelee kuagizwa, baadaye, soko likikua, vumbi la feraiti liagizwe na ukandaji ufanyike hapa, tanuri lije mwisho, siku ambayo Liganga itakuwa imeamka. Tumezoea kuupanda mti kuanzia kileleni.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, na nitajitahidi yasianze na maneno yale ninayowalaumu wanafunzi wangu kwa kuyatumia.

Kwanza, sharti la vipuri katika ununuzi wa umma. Kila mwaka taasisi za umma hununua majokofu: ya ofisi, ya kantini, ya maabara, na yale ya chanjo ambazo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatambua upendeleo kwa bidhaa za ndani. Afisa ununuzi anayesoma makala haya anaweza, katika zabuni yake ijayo, kudai kwamba muuzaji aonyeshe mpira wa mlango utapatikana wapi nchini kwa miaka kumi ijayo, na kwa vipimo gani. Sentensi moja katika nyaraka za zabuni inaweza kufanya kile ambacho sheria ya mwaka 1956 ilifanya: kumweleza mwenye kiwanda soko liko wapi.

Pili, SIDO na VETA waketi na mafundi wa Gerezani, si kuwafundisha bali kuandika wanachokijua. Aina za maganda zinazotumika zaidi nchini hazihitaji tume kuzihesabu. Zipimwe, zichorwe, na TBS izitolee viwango, ili fundi wa Singida, Kigoma au Mtwara akate kutoka roli moja.

Tatu, sisi wa vyuo. Muhula ujao nitawataka wanafunzi wangu wa somo la uchumi wa siasa waanze tasnifu zao na kitu kimoja kilichoharibika nyumbani kwao. Wakifuatilie kilitengenezwa wapi, na nani, kwa sheria gani, kinatengenezewa wapi kikiharibika, na kwa nini. Sitakubali ukurasa wa nadharia kabla ya ukurasa wa fundi.

Wanaharakati wenzangu wataniuliza kama haya si madogo mno mbele ya mikataba ya madini. Nawajibu kwamba umeme umekwisha kufika Issuna. Kati ya vijiji 12,318 vya Tanzania Bara, vichache mno, kama vipo, ndivyo ambavyo nguzo haijafika, na ada ya kuunganishiwa kijijini imekuwa shilingi 27,000. Hilo ni jambo kubwa na lililofanywa kwa fedha za wananchi. Lakini umeme ukifika kijijini na kuvuja kupitia mpira wa friji, tumemuuzia mwananchi nishati ya kupooza upepo wa Singida. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nao hawakuwa wakizungumzia ukuta mkubwa tu.

Mpira niliupeleka Issuna kwa basi, umeviringishwa ndani ya boksi. Kijana wa jirani aliufunga kwa bisibisi, na shangazi akanipigia simu jioni ile.

"Baba, umeshika," alisema. "Ila upande wa chini bado unaachia kidogo."

Nilimwambia huenda vipimo vyangu vilikosea nusu sentimita.

"Basi utakapokuja uje na futi," akanijibu. "Na ule ukanda wa baiskeli sijautupa."